Kuvaa na Kutunza Nguo za Zamani Katika Nyumba Yenye Watoto, Mbwa na Paka

Wapenzi wengi wa mitindo ya miongo iliyopita huzifungia nguo zao kabatini pindi mtoto anapozaliwa au paka anapoletwa nyumbani, wakitumaini kuzivaa tena nyumba itakapotulia. Nyumba yenye familia haitulii upesi, na nguo iliyofungiwa miaka mingi bila kuguswa huliwa na nondo au hukatika kwenye mikunjo yake. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuvaa gauni la miaka ya 1940 au koti la sufu la miaka ya 1960 siku ya kawaida, ilhali kuna mtoto wa kubebwa na mbwa wa kutembezwa. Msingi wake ni kwamba nguvu ya kitambaa ndiyo inayoamua nguo ivaliwe saa ngapi na karibu na nani, wala si uzuri wake au bei yake.

Hatua ya kwanza: Tenga kila nguo inayoingia nyumbani

Nguo ya zamani, iwe imetoka kwenye mitumba, kwa jamaa au kwa mpenzi mwenzako wa mitindo, isiingie chumbani siku hiyohiyo. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, iweke mahali ambapo watoto na wanyama hawafiki, kisha uikague mchana kwenye mwanga wa dirisha. Geuza mifuko nje, fungua mapindo, tazama chini ya kola na ndani ya mishono ya kwapani. Unachotafuta ni vitundu visivyo na mpangilio, utando mwembamba, chembe zinazofanana na mchanga ambazo ni kinyesi cha viwavi, na vidoa vyeusi vya kunguni kwenye mishono.

Nondo wa nguo, ambaye wanasayansi humwita Tineola bisselliella, ni mdudu mdogo wa rangi ya dhahabu anayekwepa mwanga. Yule anayeruka hali kitu. Wanaokula ni viwavi wake, nao hupenda keratini, yaani ile protini inayopatikana kwenye sufu, manyoya na nywele. Kwa mwenye mbwa au paka jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu manyoya yanayokusanyika chini ya kabati, nyuma ya kochi na kwenye kona za zulia ni chakula cha viwavi haohao. Unaweza kusafisha kila sweta ulilonalo na bado ukawafuga nondo sakafuni bila kujua. Ndiyo maana kufagia chini ya kabati, au kupitisha mashine ya kufyonza vumbi ikiwa ipo, ni sehemu ya kutunza nguo na si kazi ya nyumba tu.

Nguo ya sufu au yenye manyoya unayoitilia shaka igandishe. Ifunge kwenye plastiki, toa hewa kadiri uwezavyo, iweke ndani ya friza yenye baridi ya nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri au zaidi, na uiache kwa wiki 2. Ukiitoa, usifungue mfuko mpaka siku nzima ipite, ili unyevu wa hewa ugande juu ya plastiki na si juu ya kitambaa. Nguo yenye mapambo ya plastiki ya zamani au michoro ya rangi iliyopakwa kwa mkono ni afadhali isigandishwe, kwani baridi kali inaweza kuipasua.

Hatua ya pili: Tambua kitambaa na umri wake

Huwezi kuamua jinsi ya kuosha matapishi ya mtoto kwenye kitambaa usichokijua. Chomoa nyuzi chache kutoka kwenye ziada ya mshono wa ndani, zishike kwa kibano juu ya sinia la chuma na uziwashe, watoto wakiwa mbali. Sufu na hariri hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika kwa vidole. Pamba, kitani na rayoni (uzi uliotengenezwa kiwandani kutokana na mbao) hunuka kama karatasi. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Asetati, uzi mwingine wa kiwandani unaoonekana sana kwenye bitana, pia huyeyuka, nayo ina hatari yake: huharibiwa na asetoni, kwa hiyo tone moja la dawa ya kuondolea rangi ya kucha hutoboa bitana ya gauni papo hapo.

Umri husomeka katika vitu vidogo. Zipu za chuma ndizo zilizotawala hadi zile za nailoni zilipoenea katika miaka ya 1960. Soksi za nailoni zilianza kuuzwa kote Marekani mwaka 1940, na poliesta ilifika sokoni kwa wingi miaka ya 1950, hivyo gauni la poliesta linalodaiwa kuwa la miaka ya 1930 limepewa umri usio wake. Nguo ya Uingereza yenye alama ya CC41 ilitengenezwa chini ya mpango wa serikali wa kubana matumizi, ulioanza mwaka 1941 wakati wa vita na kumalizika mwaka 1952. Marekani nayo ilianza kulazimisha lebo za maelekezo ya ufuaji mwaka 1972. Nguo ya huko isiyo na lebo hiyo huenda ni ya kabla ya hapo, ingawa huenda pia mtu aliikata kwa sababu ilimwasha shingoni.

Hatua ya tatu: Pima nguvu, kisha gawa nguo katika makundi

Shika kitambaa kati ya vidole gumba viwili mahali palipo imara, mgongoni kwa mfano, ukivute taratibu, kisha urudie kwapani na mabegani. Kitambaa chenye afya hujinyoosha kidogo na kurudi. Kilichochoka hutoa mlio mdogo wa kupasuka au huonyesha mistari ya mwanga ukikiinua dirishani. Angalia hasa hariri ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Zama hizo watengenezaji waliilowesha hariri katika chumvi za bati ili iwe nzito na ianguke vizuri mwilini, na chumvi hizohizo huikata nyuzi kadiri miaka inavyokwenda. Hariri ya namna hiyo ikianza kuchanika kwa mistari iliyonyooka, hakuna fundi atakayeirudishia nguvu.

Baada ya kupima, gawa nguo makundi matatu. La kwanza ni la nguo za kazi: pamba nene, denim, kitani, tweed (sufu nene ya makoti), sufu iliyofumwa kwa kubana. Hizi zinaweza kubeba mtoto, kupokea nyayo za mbwa na kufuliwa mara kwa mara. La pili ni la nguo za kutokea: rayoni, hariri ngumu, sweta nyembamba, sketi zenye bitana nzuri. Hizi huvaliwa mtoto akiwa na mtu mwingine, au akiwa amelala. La tatu ni la nguo za kutazamwa na kuvaliwa kwa nadra: zenye shanga, lesi iliyochoka, mahameli ya hariri, na hariri ile ya bati. Ninasisitiza kwamba kundi la kwanza liwe kubwa kuliko mengine. Mpenzi wa nguo za zamani mwenye familia anayenunua nguo za kundi la tatu pekee ataishia kuvaa fulana kuukuu kila siku na kuzitamani nguo zake kutoka mbali, na hilo ni jambo la kusikitisha wakati gauni la pamba la kushindia la miaka ya 1950 lilishonwa kwa ajili ya kazi hizihizi za nyumbani.

Kwa mama anayenyonyesha, yatafute magauni yaliyofunguka kwa vifungo mbele mpaka kiunoni, mtindo uliopendwa sana katika miaka ya 1940 na 1950. Hufunguka kwa urahisi kuliko magauni yenye zipu ya ubavuni, ambayo ni lazima uyavue nusu nzima.

Hatua ya nne: Ondoa vinavyoweza kumdhuru mtoto au mnyama

Vuta kila kifungo, kila shanga na kila ndoano kwa nguvu ile ambayo mtoto wa mwaka mmoja angeitumia. Uzi wa pamba wa miaka 70 hukatika bila kutoa dalili, na kifungo kilichokatika huishia mdomoni mwa mtoto anayetambaa. Kilicholegea kishonee upya kwa uzi mpya kabla ya kuivaa nguo, si baada ya kifungo kudondoka. Ondoa pini zilizosahaulika kwenye mapindo. Mafundi wa zamani walizitumia kwa wingi, na nyingine bado zipo. Vito vya bei nafuu vya zamani huweza kuwa na madini yenye sumu ya risasi au kadimiamu, kwa hiyo mkufu usiwe kitu cha kumpa mtoto autafune ili anyamaze. Vifungo na vitana vya seluloidi, yaani plastiki ya zamani, vilivyoenea mwanzoni mwa karne ya 20, hushika moto upesi mno. Usivikaribishe na jiko, mshumaa wala pasi.

Sasa kuhusu dawa za nondo, ambapo sitaki kulainisha maneno. Vidonge vya naftalini havifai kuwa katika nyumba yenye watoto na wanyama. Naftalini huharibu chembe nyekundu za damu, na watoto wachanga pamoja na watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD hudhurika zaidi. Vidonge hivyo ni vyeupe na vinafanana na peremende, na mbwa hula kitu chochote chenye harufu ngeni. Kafuri nayo ikimezwa na mtoto huweza kumletea degedege. Mafuta ya mimea yenye harufu kali, ambayo wengi huyadhani ni njia salama, huwadhuru paka, maana ini lao haliwezi kuyavunjavunja kama la binadamu. Dawa za kupuliza zenye permethrin, ambayo ni kiuawadudu, ni sumu kali kwa paka hata kama mbwa wako huzivumilia. Kinachobaki ni usafi, ugandishaji, ukaguzi na vyombo vinavyofunga vizuri, na hivyo vinatosha.

Hatua ya tano: Panga siku yako kabla ya kuchagua nguo

Usivae nguo ya kutokea kabla ya kazi chafu za asubuhi kwisha. Mlishe mbwa, safisha choo cha paka, mpe mtoto chakula na umfute mikono, kisha ndipo uvae. Joho la nyumbani au aproni kubwa ya pamba inayofunika kifua na mabega hukuwezesha kuvaa mapema pale unapobanwa na muda. Mtu akirudi jioni, mbwa humrukia kwanza kabla ya salamu, kwa hiyo vaa joho hilo mlangoni, au umfundishe mbwa kukaa chini kabla ya kuguswa. Kumfundisha kunachukua subira, lakini kutakuokolea nguo nyingi kuliko dawa yoyote ya madoa.

Kucha za paka zikatwe ncha kila baada ya wiki 2 au 3. Ukimpaka mnyama dawa ya viroboto ya kudondoshea shingoni, usimpakate ukiwa umevaa hariri mpaka ikauke, kwani ina mafuta yanayoacha doa. Mikanda ya kubebea mtoto husugua mabega ya nguo, nayo ni adui wa mishono ya zamani. Ukimbeba mtoto hivyo, chagua nguo ya kundi la kwanza, au weka kitambaa laini kati ya mkanda na bega.

Hatua ya sita: Shughulikia ajali ikiwa bado mbichi

Kanuni inayotawala madoa ya nyumba yenye watoto na wanyama ni maji baridi. Maziwa, matapishi, mate, damu na mkojo vina protini, na joto huigandisha protini ndani ya uzi. Kwa hiyo maji ya moto na pasi vikae mbali mpaka uhakikishe doa limetoka lote. Kandamiza kwa kitambaa cheupe safi bila kusugua, ukianzia ukingoni kwenda katikati, kisha pitisha maji baridi kutoka upande wa ndani ili uchafu usukumwe utoke ulikoingilia. Kabla ya kugusa rangi ya zamani na kimiminika chochote, jaribu kwanza kwenye ziada ya mshono: weka tone, subiri, bonyeza kwa kitambaa cheupe, uone kama rangi inahama. Rayoni hupoteza nguvu nyingi ikilowa, kwa hiyo ishike kwa mikono miwili kutoka chini na usiikamue hata kidogo.

Mkojo wa paka unastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndio unaowakatisha watu tamaa. Ukiwa mbichi una asidi kidogo, lakini bakteria huigeuza yurea, kemikali iliyomo ndani ya mkojo, kuwa amonia, na amonia ni alkali inayobadilisha rangi na kudhoofisha sufu na hariri. Saa chache za kwanza ndizo zinazoamua hatima ya nguo. Kausha kwa kukandamiza, suuza kwa maji baridi mara kadhaa, kisha, kama rangi imefaulu jaribio, tumia siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, sehemu moja ya siki kwa sehemu nne za maji, na usuuze tena. Usitumie klorini. Ikikutana na amonia hutoa gesi yenye sumu, na ikigusa sufu au hariri huiyeyusha. Usitumie pia kisafishaji chenye amonia, kwani paka akisikia harufu hiyo huweza kurudi kukojoa palepale. Visafishaji vya vimeng'enya vinavyouzwa kwa ajili ya mkojo wa wanyama hufanya kazi nzuri kwenye pamba na kitani, lakini vingi vina kimeng'enya kinachomeng'enya protini, na sufu na hariri ni protini tupu. Onyo hilohilo linahusu sabuni za unga za kisasa: soma pakiti, na kwa nguo za sufu au hariri chagua sabuni isiyo na vimeng'enya.

Paka akivuta uzi kwa kucha, usikate kile kitanzi kinachojitokeza. Chukua sindano nene au ndoano nyembamba ya kufumia, kipitishe kitanzi upande wa ndani palepale kilipotokea, kisha nyoosha kitambaa kwa vidole pande zote ili uzi urudi polepole ulikotoka. Matope ya nyayo za mbwa yaache yakauke kabisa, uyapige brashi, na kinachobaki ndicho ukioshe. Mafuta yanyunyizie unga wa chaki au wanga, uache usiku mzima, upige brashi.

Manyoya ya mnyama kwenye sufu na mahameli huondoka kwa brashi laini inayopita upande mmoja, au kwa glavu ya mpira iliyoloweshwa kidogo na kukamuliwa. Karatasi za gundi zinafaa kwenye denim na tweed. Kwenye hariri na mahameli ya zamani huchomoa nyuzi na kuacha unata unaokusanya vumbi zaidi.

Hatua ya saba: Fua kwa nadra, anika kwa akili

Nguo nyingi za zamani hazihitaji kufuliwa kila zinapovaliwa. Zitundike penye hewa usiku mmoja, zipige brashi, na uvae fulana nyembamba au vitambaa vya kwapani ndani yake ili jasho lisifike kwenye nguo yenyewe. Ikilazimu kufua sufu, maji yawe ya vuguvugu kidogo au baridi, kwenye kufulia na kusuuzia, bila kufikicha, kwa sababu joto na msuguano huvifunganisha vigamba vya nyuzi za sufu na nguo husinyaa isirudi. Ibingirishe ndani ya taulo ili inyonywe maji, kisha itandaze kivulini. Tandaza mahali palipoinuka au chumba kifungwe, la sivyo paka atakuwa amelala juu yake kabla haijakauka.

Hatua ya nane: Hifadhi mahali ambapo nguo inapumua na paka haingii

Kabati liwe na milango inayofunga. Sweta zikunjwe, maana zikitundikwa hurefuka. Magauni yaliyokatwa mshazari, mtindo ambao mbunifu wa mitindo wa Ufaransa, Madeleine Vionnet, aliujengea jina katika miaka ya 1920 na 1930, yalazwe pamoja na yale ya shanga, kwani uzito wake yenyewe huivuta chini mishono ya mabegani. Weka karatasi laini isiyo na asidi katika mikunjo, na ubadili mahali pa mikunjo kila unapokagua. Mfuko wa plastiki unaotoka kwa dobi usitumike kwa hifadhi ya muda mrefu. Mfuko wa pamba, hata foronya safi, unafaa zaidi. Hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 65 hulea ukungu, kwa hiyo kabati lisiegemee ukuta wenye maji. Mwanga wa jua nao huichosha rangi, na uharibifu wake hujilimbikiza bila kurudi nyuma.

Hatua ya tisa: Tengeneza mapema, ukilinda uzi na sindano

Mshono uliofumuka kidogo ushone siku hiyohiyo. Kwenye pamba na rayoni za zamani tumia uzi wa pamba, kwa sababu uzi wa poliesta una nguvu kuliko kitambaa na hukikata pale panapovutwa. Ukishona, mlango ufungwe. Paka huvutwa na uzi, na ulimi wake wenye miiba inayoelekea nyuma humfanya aumeze hata asipotaka. Uzi uliomezwa, hasa wenye sindano, huweza kuyakusanya na kuyakata matumbo. Ukiona uzi ukining'inia mdomoni au nyuma ya paka, usiuvute na usiukate, bali mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja.

Nguo iliyofika mwisho, ile isiyokubali tena sindano, usiitupe. Ifumue mshono kwa mshono, upige kila kipande pasi ya joto dogo, uchore mchoro wake kwenye karatasi pamoja na alama za mikunjo na mahali pa zipu, kisha fundi cherehani aukate upya kwa kitambaa kipya cha pamba. Vifungo na zipu viwekwe kwenye kopo lenye kifuniko kigumu, juu ya rafu ambayo mtoto haifikii.